Dawa ya Nyanya Imezidi

Jumamosi hiyo Mpimaji hakwenda kazini. Alikuwa uani anafua, na povu lilimfika viwikoni. Mumewe alikuwa nyuma ya ukuta wa ua, anaziba tundu kwenye gurudumu. Yeye hutengeneza baiskeli, na watu humwita Fundi. Ndani, bibi yake Fundi alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nyumba nzima humwita bibi huyo Nyanya. Nyanya ana ugonjwa wa presha. Kila asubuhi humeza kidonge kimoja, na Mpimaji ndiye humpa.

Mpimaji anafanya kazi katika maabara ya serikali. Pale hupima mazao ya shambani. Mkulima akipuliza dawa ya kuua wadudu, dawa hiyo haiishi yote siku hiyo hiyo. Kiasi hubaki kwenye tunda au jani. Hayo ndiyo mabaki ya dawa. Sheria imeweka kikomo. Mabaki yakizidi kikomo, zao halifai kuuzwa.

Simu ikalia. Mpimaji alifuta mkono kwenye kanga, akapokea. Aliyepiga ni Msajili, kijana anayepokea sampuli pale maabara. Alitaka kuhakikisha jibu moja kabla ya kulipeleka kwa mkuu.

"Ndiyo, ndiyo," alisema Mpimaji. "Dawa ya nyanya imezidi kipimo. Mara mbili. Nimerudia kuangalia. Mwambie mkuu peke yake. Mtu mwingine asijue, umesikia?"

Nyuma ya ukuta, spana ilimponyoka Fundi.

Wahenga walisema kuta zina masikio. Ukuta huu ulikuwa na masikio mawili makubwa, na yote mawili yalisikia vibaya.

Fundi aliingia ndani mbio. "Nyanya! Nyanya, amka! Unaniona?"

"Nakuona," alisema bibi. "Una grisi puani."

"Umemeza vidonge vingapi leo?"

"Vidonge gani?"

"Maskini, ameshaanza kusahau!" Fundi alishika kichwa. Alileta maziwa, akamnywesha kikombe kizima. Akajaza cha pili.

"Mume wangu, unataka kuniua kwa maziwa?" Nyanya alilalamika. Alizoea kumtania mjukuu wake hivyo. Leo mjukuu hakucheka. Alimpigia simu dada yake, ambaye huuza mboga sokoni, akamwambia aje na teksi upesi, Nyanya amezidishiwa dawa.

Dada alikuja kama moto. Mpimaji aliposikia kelele na kuingia, mikono bado ina povu, alikuta Nyanya ameshikwa huku na huku, kiatu kimoja mguuni, kingine sakafuni.

"Mnampeleka wapi Nyanya?"

"Hospitali!" Wifi yake alimjia kifua mbele. "Umemzidishia mzee wa watu dawa, halafu unasema mtu asijue? Tumekukosea nini, wifi?"

"Mimi?"

"Nimekusikia kwa masikio yangu," alisema Fundi. Alisema akiwa anatazama sakafu. Hakuweza kumwangalia mkewe usoni.

Mumewe, mtu wa kula naye sahani moja, aliamini kwamba anaweza kumwua Nyanya. Jambo hilo lilimuuma kuliko kofi. Maneno yakatoka kabla hajayapima.

"Si Nyanya huyu! Ni nyanya za kupika! Nyanya za Mama Mizani, za kule bondeni! Ndizo zenye dawa!"

Nyanya ndiye aliyecheka kwanza. "Basi niwekeni chini. Nyanya wa kupikwa si mimi."

Fundi naye alicheka, kwa aibu na kwa nafuu. Alimwomba mkewe radhi mara tatu. Lakini Mpimaji alikuwa amefunika mdomo kwa mkono wenye povu. Alikuwa ametaja zao, ametaja mwenye zao, ametaja na jibu. Siku alipoajiriwa alikula kiapo cha kutunza siri za kazi, na sasa amekivunja katikati ya ukumbi wake mwenyewe.

"Hayo mliyosikia, hamkuyasikia," alisema. "Nawaomba. Naweza kupoteza kazi. Naweza kushtakiwa."

"Mimi?" Wifi alijipiga kifuani. "Mimi ni kaburi."

Alipoondoka, Fundi alikuna kichwa. "Dada yangu nampenda," alisema. "Lakini huyu ni wifi asiye na neno la siri. Kila apitaye anajiunga."

Siku nyingine Mpimaji angecheka mpaka akae chini.

Tusimwonee Wifi. Hakuwa mtu mbaya. Alifika nyumbani kwake akajaribu kunyamaza, na kunyamaza kukamkaa vibaya. Aliwaza wateja wake. Aliwaza watoto wa watu. Mwisho akachukua simu, akamtumia ujumbe wa sauti rafiki yake mmoja tu: "Usinunue nyanya za Mama Mizani, zina sumu. Nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa, anapima mwenyewe. Lakini usimwambie mtu." Rafiki naye alikuwa na rafiki mmoja tu. Na huyo naye alikuwa na wake.

Jumapili asubuhi Mama Mizani alifika sokoni. Jina hilo alipewa kwa sababu huja na mizani yake mwenyewe. Haamini ya mtu. Alishusha matenga yake ya nyanya, akaweka mizani juu ya meza, akangoja. Kwa kawaida wauzaji humgombania. Leo walipita mbali, kama wamepishana na jeneza.

"Kuna nini?" aliuliza. "Leo hamuuzi?"

Mwanamume mmoja alisukuma tenga kwa mguu. Tenga likapinduka na nyanya zikabingirika matopeni. "Rudi na sumu yako," alisema.

"Sumu ya nani? Nani kasema?"

Mtu alifungua simu yake, akamsikilizisha. Sauti ikatoka wazi, soko zima likanyamaza kuisikiliza. Meza tatu kutoka pale, Wifi aliisikia sauti yake mwenyewe. Aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta kitu, na alikaa huko mpaka magoti yakamuuma. Alipoinuka, Mama Mizani alikuwa anaokota nyanya moja moja, anazifuta kwa kanga yake. Hakuna aliyemsaidia. Wifi alitaka kwenda. Hakwenda.

Jumatatu, maabara haikuwa na utulivu. Kabla ya saa ya chai, wakulima watatu walikuwa wamefika kuchukua sampuli zao.

"Turudishieni," alisema mmoja. "Hatutaki kupimwa tena. Leo Mama Mizani, kesho sisi. Afadhali tule bila kujua."

Mkuu wa maabara aliwaita wafanyakazi ofisini, akafunga mlango. Mama huyu hapazi sauti, na wafanyakazi humwogopa kwa sababu hiyo. Aliweka simu mezani, akabonyeza. *Nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa, anapima mwenyewe.*

Mpimaji aliitambua sauti kabla ya neno la pili.

"Jibu hili nililipata kwa simu, Jumamosi," alisema mkuu. "Aliyenipigia ni Msajili. Kijana, ulimpigia nani mwingine?"

"Sijampigia mtu, mama."

"Huwa unapita sokoni ukitoka hapa?"

"Napita, mama. Ndiyo njia ya kwetu. Lakini sijasema kitu! Naapa!"

"Weka funguo zako mezani. Utakaa nyumbani mpaka tulichunguze jambo hili."

Msajili alitoa funguo. Akaziweka mezani. Alimtazama Mpimaji kwa jicho la kuomba msaada, kwa sababu yeye ndiye aliyezungumza naye siku ile. Hakumshuku hata kidogo.

Mpimaji aliona njia mbili. Akinyamaza, kazi yake inabaki na kijana anaangamia. Akisema, kijana anapona na yeye anaangamia.

"Mrudishie funguo," alisema. "Ni mimi."

Aliyasema yote: simu uani, ukuta, maziwa, teksi, kiatu cha Nyanya. Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka akakohoa. Mkuu hakucheka. Aliinua simu ya mezani, akamwita Mkaguzi.

Mkaguzi ni mwanamke mrefu mwenye miwani. Kazi yake ni kusimamia sheria ya dawa za mashambani. Alimwita Wifi, na Fundi naye akaja, maana masikio yake ndiyo yaliyoanzisha safari. Wote wanne, pamoja na Mpimaji, walikaa katika chumba kidogo chenye feni inayokwaruza. Wifi alikuwa amelia, lakini alikuja na hasira yake mkononi.

"Naomba niulize," alisema. "Mnanishtaki kwa kusema kweli? Nyanya zina dawa. Mlitaka watu wale sumu kimya kimya?"

"Swali zuri," alisema Mkaguzi. "Na mimi nikuulize. Nyanya zilizopimwa zilikuwa wapi?"

"Sokoni."

"Hapana. Zilikuwa bado kwenye miche yake. Mama Mizani ana mashamba mawili. La juu lilishapimwa, likakutwa safi. Hizo ndizo alizoleta Jumapili. Shamba la bondeni hajachuma hata nyanya moja. Alilipulizia dawa, ikanyesha, akapuliza tena. Akawa na wasiwasi kama siku za kungoja dawa ipungue zimetosha. Kwa hiyo alileta sampuli mwenyewe, kwa miguu yake, ili ajue kabla ya kuchuma. Hakulazimishwa na mtu. Nilimwambia asubiri tupime tena. Akakubali."

"Yaani zile zilizomwagwa matopeni..." alisema Fundi.

"Zilikuwa safi."

Feni ilikwaruza. Wifi alifunika uso kwa mtandio wake, akalia kwa sauti. Aliona tena ile mikono inayofuta nyanya moja moja.

Mkaguzi alimwacha alie. Kisha akasema taratibu:

"Sheria inalinda jibu la maabara kwa sababu hii. Jibu si habari ya mitaani. Ni mali ya aliyeleta sampuli. Wanaoruhusiwa kulijua ni yeye, maabara, na sisi tunaosimamia sheria. Mahakama ikilitaka, itapewa. Mtu mwingine halipati mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi. Mfanyakazi akilitoa nje, amevunja sheria, hata kama hakukusudia. Anaweza kutozwa faini au kufungwa. Na anayelipokea huku akijua limetoka ndani, akalisambaza, naye ana kosa lake."

"Na kama nyanya mbaya zingekuwa sokoni kweli?" aliuliza Mpimaji. Alijua jibu. Alitaka wifi yake alisikie.

"Hapo hatukai na siri. Sheria inanipa nguvu ya kuzuia mzigo papo hapo. Na afya za watu zikiwa hatarini, mamlaka yenyewe inatangaza hadharani, ikiwa na uhakika: zao gani, la wapi, watu wafanye nini. Wewe, dada, ukisikia jambo, njoo kwangu. Mlango huu hauna ufunguo mchana. Ukitangulia kupiga kelele, mwenye mzigo mbaya anauchanganya na mwingine. Nikifika, sijui upi ni upi. Umetaka kuwaokoa wateja wako, kumbe umewalisha."

"Sikujua," alisema Wifi. "Wallahi sikujua."

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alisema Fundi.

"Wewe nyamaza," dada yake alimkemea. "Ulijikwaa masikio."

Wifi alisimama, akatoa simu yake. "Basi nirekebishe sasa hivi. Natuma ujumbe kwa wote kwamba nyanya za shamba la juu ni safi."

"Usithubutu!" Mkaguzi aliweka kiganja juu ya simu. "Hilo nalo ni jibu la maabara. Hata jema si lako kulitoa. Kubali umekosea, sema ulisema usilolijua. Hayo ni yako. Ya kwake tumwombe mwenyewe."

Wifi alikaa chini polepole. Hapo ndipo lilipomwingia.

Walimkuta Mama Mizani nyumbani kwake, anachambua nyanya zilizopondeka. Aliwaona wakija, akaendelea na kazi. Hakuwapa viti. Wifi alipiga magoti kwenye saruji.

"Mama, ile sauti ni yangu."

"Nilidhani hivyo," alisema Mama Mizani. "Ulinunua kwangu misimu mingapi? Uliwahi kupata nyanya mbovu?"

"Hapana, mama."

"Ukashindwa kuniuliza."

Mpimaji naye alipiga magoti kando yake. "Yeye alitangaza, mama. Lakini aliyefungua mlango ni mimi. Nilizungumza mambo yako kwenye simu uani kwangu. Nilipaswa kukaa kimya hata kama wangeniita muuaji."

Mama Mizani aliacha kuchambua. Machozi yalimjaa lakini hakuyaruhusu. "Niliwaamini kuliko ninavyoamini mizani za watu," alisema. "Nimeleta mazao yangu nijue kweli. Mmenifundisha kwamba asiyepima ndiye anayeuza."

Maneno hayo yalimchoma Mkaguzi pia. Alieleza hatua iliyobaki: akikubali, ofisi itatangaza majibu yake sokoni. Asipokubali, yatabaki siri, na hakuna atakayemlazimisha.

"Ya mashamba yote mawili?"

"Utakayoyachagua wewe."

Mama Mizani alifikiri. Alifuta mikono. "Yote mawili," alisema mwisho. "Semeni la bondeni limezidi, na kwamba sijachuma. Nikificha moja, watasema nimeficha mengi. Leteni kalamu."

Siku ya soko iliyofuata, Mkaguzi alisimama katikati ya meza na kipaza sauti. Alisoma majibu yote mawili, na kusema kwamba mwenye mazao ameruhusu yasomwe. Kisha Wifi akapanda juu ya kasha. Soko zima lilikuwa linamjua kwa maneno mengi, lakini siku hiyo maneno yalikuwa machache: "Sauti ile ilikuwa yangu. Nilisema jambo nisilolijua, juu ya mtu aliyefanya lililo sawa. Nimekosa."

Watu waliguna. Wengine walimzomea, na alistahili. Yule mwanamume aliyesukuma tenga kwa mguu alikuwa wa kwanza kwenda kununua. Mama Mizani alimpimia bila kumpunguzia wala kumwongezea.

Shamba la bondeni lilingojwa, likapimwa tena. Mabaki yalikuwa yameshuka chini ya kikomo, na nyanya zikachumwa.

Wifi alilipa faini. Siku hizi mtu akimnong'oneza habari za mazao, humwonyesha ofisi ya Mkaguzi kwa kidole, kisha huendelea kupanga mchicha wake. Mpimaji alipewa onyo la mwisho. Kwa kuwa alijitokeza mwenyewe, hakufikishwa mahakamani. Lakini aliondolewa kwenye vipimo, akapewa kazi ya kuosha chupa za maabara. Aliziosha msimu mzima. Maabara nayo ilibadili utaratibu. Majibu hayazungumzwi tena kwa simu za mkononi, na sampuli ikifika kwa wapimaji haina jina la mtu, ina namba tu. Nyumbani, Fundi akiuliza "Kazi ilikuwaje?", mkewe hujibu, "Ilikuwepo." Wakulima wawili kati ya watatu walirudisha sampuli zao. Wa tatu hajarudi mpaka leo.

Mpimaji aliporudishwa kwenye vipimo, siku ya kwanza Msajili alikuwa ametoka kidogo. Mpimaji akashika dirisha la mapokezi badala yake. Alikuwa ameinama anatafuta kalamu, mtu akagonga kioo.

Alikuwa Mama Mizani, na mfuko wa nyanya mkononi.

Mpimaji alirudi nyuma hatua moja. "Shikamoo, mama. Nimwite mwenzangu akupokelee?"

"Marahaba." Mama Mizani hakusogea. "Kwani wewe hufanyi kazi tena?"

"Nafanya, mama. Nimerudi leo."

"Nilisikia kijana wa watu alikuwa afukuzwe, ukasimama."

Mpimaji aliinamisha kichwa. Mama Mizani aliupima mfuko kwa mkono wake, kama mtu anayeamua bei. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika, naye hakuijali.

"Sijasahau," alisema. "Usidhani nimesahau."

"Najua, mama."

Aliupitisha mfuko chini ya kioo, akauachia mikononi mwa Mpimaji.

"Ukishajua wewe," alisema, "mtu wa pili kujua niwe mimi."